Upepo wa 1961 ulioinua Ziwa Victoria

Mwishoni mwa 1961, Tanganyika ikijiandaa kupandisha bendera yake, mvua zilifunguka Afrika Mashariki karibu yote, na maji yakaendelea kumiminika ziwani hata sherehe zilipokwisha. Kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mvuvi wa Nkome au Chato anaelewa maana yake: ziwa la kilomita za mraba 68,000, lote, limeinuka kupita kimo cha mtu.

Usukumani mvua ilikuwa dhamana ya mtemi. Yeye na waganga wake wa mvua ndio walioulizwa, na ukame ukizidi aliweza hata kuvuliwa utemi. Mwaka 1963 sheria ikafuta utemi, ziwa likiwa bado linapanda. Sasa aulizwe nani mvua ile ilitoka wapi?

Maelezo ya kawaida hayakutosha. Mwingereza George Hadley aliandika mwaka 1735 kwamba penye joto kali la jua hewa hupanda, na pepo huja kujaza nafasi yake. Ndivyo kaskazi na kusi zinavyokutana, na ukanda zinapokutana hulifuata jua; likielekea kusini, Shinyanga hupata mvua, tangu Novemba hadi Aprili au Mei. Lakini hayo ni ya kila mwaka. El Niño nayo, ya Bahari ya Pasifiki, haikuwapo 1961.

Jibu lilichukua miaka 38. Mwaka 1999 Mhindi N. H. Saji na wenzake, akiwemo Mjapani Toshio Yamagata, walionyesha kuwa Bahari ya Hindi ina mageuzi yake yenyewe. Kwa kawaida upepo wa ikweta baharini huko huvuma kutoka upande wetu kwenda Indonesia. Hewa hupanda kule na kushuka huku ikiwa kavu. Hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kukosa mvua za Kongo ilhali ikweta ni ileile. Mwaka 1961 maji ya Sumatra, huko Indonesia, yalipoa, ya upande wetu yakapata joto, upepo ukageuka. Unyevu uliozoea kutukimbia ukaletwa bara.

Upepo uligeuka tena mwishoni mwa 2019, na 2020 ziwa likarudi kwenye alama ya 1964, likameza mialo. Mvua za namna hiyo hujaza maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo wa Geita, na pampu huvuta maji kwanza kabla mtu hajashuka.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutazama joto la bahari kabla ya kutoa utabiri wa msimu. Mkulima wa pamba Kishapu, akitega sikio redioni, anasikiliza habari za maji ya Sumatra.