Ramani ya reli za mfano haienei chumbani? Usiibane yote

Wapenzi wa treni za mfano Marekani na Ulaya hupata ramani za reli vitabuni, wakapima chumba na kukuta haienei. Wengi hukimbilia kuupunguza mchoro mzima. Hapo ndipo pesa ya mbao na reli inapopotea.

Mfano ni ramani ya mita 2.4 kwa 3.6 ya kipimo cha HO, yaani treni iliyopunguzwa mara 87. Ikibanwa nusu, kona yenye nusukipenyo cha sentimita 60 inabaki 30. Mchoroni inapendeza, lakini mezani behewa refu la abiria linaacha reli, maana treni yenyewe haijapungua.

Pointi, kile kipande kinachohamisha treni kutoka njia moja kwenda nyingine, nacho kinauzwa kwa urefu wa kiwandani. Ndiyo maana wazoefu huchapisha vielelezo vya karatasi vya ukubwa halisi (Peco ya Uingereza huvitoa bure) na kuvipanga sakafuni kabla ya kukata ubao.

Mlima ndio unaowakamata wengi. Njia ya HO ikipita juu ya nyingine inahitaji kupanda kama sentimita 8. Kwa mwinuko wa asilimia 2, hiyo ni mita 4 za reli. Zikibaki mita 2, mwinuko unafika asilimia 4 na treni ndefu inateleza palepale.

Kinachopunguzika ni njia zilizonyooka. Stesheni ya mabehewa manane inaweza kuwa ya manne, au ramani ikakunjwa kufuata kuta mbili.

Mmarekani John Armstrong, kwenye kitabu chake Track Planning for Realistic Operation cha 1963, alianzia upande wa pili: kwanza chagua kona ndogo kabisa ambayo treni itapita, halafu gawa chumba kwa miraba inayotokana na kona hiyo. Miraba isipotosha, ramani inaachwa mapema.

Kuna pia kuhamia kipimo cha N, 1 kwa 160. Ramani ya HO inaingia kwenye eneo pungufu ya theluthi. Ila mtu hapungui: kijia cha sentimita 75 kinabaki 40, na hapo hata kugeuka ni kazi.

Mkono nao hufika kama sentimita 75 tu. Meza maarufu ya Marekani, plaiwudi ya futi 4 kwa 8, ina upana wa sentimita 122. Ikisukumwa ukutani, treni ikikwama upande wa mbali haifikiki mpaka meza ivutwe, ndiyo maana wengine huifunga magurudumu.