Selfu: Mota ya Sekunde Chache Iliyostaafisha Hendeli

Ukipeleka gari gereji ukasema haliwaki, fundi hatakuuliza maswali mengi. Atakwambia, "Hebu piga selfu." Unazungusha ufunguo, yeye anasikiliza. Ikilia "tak" moja halafu kimya, mara nyingi hukumu inatoka hapo hapo: stata imekufa, tafuta nyingine. Kabla hujatoa hela, ndugu msomaji, turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Historia ya kifaa hiki ndiyo inayoeleza kwa nini kinakufa, na kwa nini wakati mwingine kinasingiziwa kifo.

Tuanze na jina. "Selfu" ni kipande cha neno la Kiingereza self-starter, yaani kifaa cha gari kujiwasha lenyewe. Kujiwasha badala ya nini? Badala ya mtu kusimama mbele ya gari na kulizungusha kwa hendeli.

Kazi ya mkono

Mota ya umeme ukiipa mkondo, inazunguka. Injini ya petroli haiko hivyo. Lazima kwanza izungushwe na kitu kingine, ili pistoni ivute hewa na mafuta, ivigandamize, ndipo cheche ilipue. Kwa magari mengi ya mwanzo, hicho "kitu kingine" kilikuwa mkono wa dereva.

Na mkono ulikuwa hatarini kweli. Kabla ya kuzungusha, dereva alitakiwa kuichelewesha cheche kwa kutumia kijiti kilichokuwa karibu na usukani. Akisahau, cheche ilitokea kabla pistoni haijafika juu. Mlipuko uliirudisha pistoni chini, injini ikazunguka kinyume, na hendeli ikarudi kwa kasi pamoja na mkono ulioishika. Watu walivunjika mikono. Mpaka leo madaktari wa mifupa wana aina ya mvunjiko karibu na kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, unaoitwa kwa jina la madereva wa enzi hizo. Ndiyo maana watu walifundishwa kushika hendeli kwa mkono wa kushoto, na dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi ikuponyoke tu.

Wazo la kutumia umeme halikuchelewa kuja. Mwaka 1896 huko Uingereza, mhandisi H. J. Dowsing alifunga mota ya kuwashia kwenye gari aina ya Arnold. Lakini halikuenea. Wengine walijaribu springi, wengine hewa iliyobanwa kwenye mitungi. Yote yalikuwa na usumbufu wake.

Marehemu darajani

Hapa vitabu vingi huleta hadithi moja maarufu. Majira ya baridi ya 1910, mwanamke anakwama na gari lake kwenye daraja la Belle Isle, mjini Detroit. Byron Carter, mtengenezaji wa magari, anashuka kumsaidia. Hendeli inarudi, inampiga taya, na baadaye anafariki. Rafiki yake Henry Leland, mkuu wa kampuni ya Cadillac, anaapa kwamba magari yake hayatamuua mtu mwingine kwa namna hiyo.

Hadithi tamu, ila ina tatizo. Carter alikuwa mtu wa kweli, lakini alifariki Aprili 1908. Marehemu hawezi kushuka darajani kusaidia mtu miaka miwili baadaye. Huenda kuna tukio la kweli lililopambwa baadaye, lakini kwa sura hii haiwezi kupita.

Mimi kinachonivutia zaidi ni nafasi aliyopewa yule mwanamke. Hana jina, na kazi yake ni kushindwa tu. Kwa muda mrefu stata imeelezwa kama kifaa cha kuwasaidia wanawake, wakati waliokuwa wakivunjika mikono kila siku walikuwa wanaume kwa wingi. Kila aliyewahi kuzungusha hendeli asubuhi ya baridi alikuwa na sababu ya kuichukia. Kusema "tumewatengenezea akina mama" kulimpa mwanamume nafasi ya kununua unafuu bila kukiri kwamba naye anaogopa.

Mota iliyotoka dukani

Aliyeitatua kazi hii alikuwa Charles Kettering, aliyezaliwa mwaka 1876 katika jimbo la Ohio, Marekani. Kabla ya kugusa magari aliajiriwa Dayton na kampuni ya National Cash Register, iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha dukani. Huko alitengeneza mota ndogo ya kuiendesha mashine hiyo, ili muuzaji asizungushe kwa mkono. Mwaka 1909 yeye na Edward Deeds walianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Delco.

Wahandisi wengi waliamini kwamba mota ya kuizungusha injini ingehitaji kuwa kubwa mno. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa mota inayofanya kazi mfululizo. Lakini Kettering alishaona dukani kwamba mota inayofanya kazi kwa muda mfupi, halafu ikapumzika, unaweza kuizidishia mzigo bila kuiunguza. Joto linahitaji muda kujikusanya. Usipolipa muda huo, mota ndogo inatoa nguvu ya mota kubwa.

Mwaka 1911 mfumo wake ulikuwa tayari, na Cadillac za mwaka 1912 zikatoka nao. Mashine ileile iliwasha injini, kisha ikageuka jenereta ya kuchaji betri, na taa zikawa za umeme. Kazi hiyo iliipa Cadillac Tuzo ya Dewar kutoka Uingereza.

Haikumfikia kila mtu mara moja. Ford Model T, gari la watu wa kawaida lililoanza kuuzwa 1908, lilianza kupata stata ya umeme mwaka 1919 tu. Na ipo kejeli nyingine: magari ya umeme ya wakati ule yalipendwa kwa sababu hayakuhitaji hendeli. Hata Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari la umeme la Detroit Electric. Mota ya umeme ilipoingia kwenye gari la petroli, ikalipokonya gari la umeme mojawapo ya sifa zake kubwa.

Huku kwetu hendeli ilikawia kuondoka. Land Rover za zamani zilikuwa na tundu lake mbele, kwa ajili ya siku ambayo betri imeisha porini. Na yule msaidizi wa dereva wa lori, utingo, ambaye wengine humwita taniboi? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jina hilo limetokana na kazi ya kijana aliyekuwa akizungusha hendeli.

Turudi gereji

Sasa ile "tak". Mota ya stata ikiwa bado imesimama huvuta mkondo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote. Kwenye gari dogo la petroli la volti 12, ampea 150 si jambo la ajabu. Chukulia kichwa cha betri kimeota ule unga mweupe, kikaongeza ukinzani wa omu 0.02 tu. Zidisha: 150 mara 0.02 ni volti 3. Robo ya nguvu ya betri inaishia kwenye uchafu! Taa za dashibodi zinaweza kuwaka vizuri kabisa, kwa sababu zinavuta mkondo kidogo sana. Stata ndiyo inayolaumiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kubadilisha, mwombe fundi apime kwa mita. Betri iliyotulia na kujaa husoma karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga selfu, ishughulikie betri kwanza. Kisha aweke waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, wewe ukiwa unapiga selfu. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa bodi una tatizo. Kuusafisha na kuukaza ni rahisi kuliko kununua stata.

Vyote vikiwa salama, stata ishuke. Fundi aanze kwa kufungua hasi ya betri, maana ule waya mnene wa stata una umeme muda wote, na spana ikigusa bodi ni cheche kubwa. Kwenye magari mengi ya zamani stata imeshikwa na bolti mbili au tatu. Ikishatoka, usiitupe. Kwenye stata za Denso zilizofungwa katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, kinachokufa mara nyingi ni vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, vinavyoliwa kidogo kidogo kila unapowasha. Vinabadilishwa. Brashi za kaboni nazo zikiisha zinabadilishwa. Ile mbinu ya kuigonga stata kwa nyundo ikaamka hufanya kazi kwa sababu brashi iliyokwama imegusa tena, lakini usiitegemee kwa safari ya kesho.

Na gari likisumbua kuwaka, usishikilie ufunguo. Piga selfu sekunde chache, zisizidi kumi, kisha ipumzishe dakika moja kabla ya kujaribu tena. Mota hii ni ndogo kwa sababu Kettering aliihesabia mapumziko. Ukimnyima mapumziko hayo, ndipo inapoungua kweli, na hapo fundi akisema imekufa, atakuwa amesema kweli.