Mzio kwa mbwa: Dawa za dukani na hatari zake

MBWA hujikuna kwa sababu nyingi, na mzio ni moja tu kati yazo. Katika vijiji kama Chara, eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River, ambako mbwa hulinda boma na mifugo, yafaa chanzo kijulikane kabla ya mwenyewe kukimbilia duka la dawa.

Kwanza atafutwe viroboto. Mate ya kiroboto ndiyo huleta mzio kwa mbwa wengi, na kuumwa mara chache kwaweza kumwasha siku kadhaa. Dalili yake kuu ni manyoya kunyonyoka kiunoni na penye shina la mkia. Viroboto wasipoangamizwa, mwasho hurudi. Upele uletwao na utitiri nao hufanana na mzio, lakini dawa ya mzio haiuponyi.

Setirizini, dawa ya mzio inayouzwa kwa ajili ya watu, hutumiwa pia kwa mbwa. Kipimo cha kawaida ni takriban miligramu 1 kwa kila kilo ya uzani, mara moja kwa siku. Hivyo mbwa wa kilo 10 hupewa tembe moja ya miligramu 10. Ili kujua uzani, mtu hupanda mizani akiwa amembeba mbwa, kisha peke yake, na kutoa tofauti. Dawa hii haiwafai mbwa wote, na huweza kuwatia usingizi. Mwenye mimba au maradhi ya figo asipewe kabla ya daktari wa mifugo kuulizwa.

Hatari kubwa imo katika dawa za mafua zilizochanganywa. Sudoefedrini huathiri moyo wa mbwa, parasetamoli huharibu ini, nayo ibuprofeni hutoboa tumbo na kudhuru figo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe pia, ikipakwa bila kipimo cha mbwa, yaweza kumuua.

Uso ukivimba ghafla baada ya kuumwa na nyuki, naye mbwa akahema kwa shida, kutapika au kuzirai, tembe haitoshi. Apelekwe kwa daktari mara moja. Uvimbe unaoandamana na homa, kukonda na ukungu machoni huenda ukawa nagana, maradhi yaenezwayo na mbung'o, ambayo hayatibiki kwa dawa ya mzio.