Warby Parker: Duka la miwani lililogeuza simu kuwa kioo

WARBY PARKER ni kampuni ya Marekani inayouza miwani kwenye intaneti na katika maduka yake yenyewe. Tangu mwaka 2019 imekuwa ikimwezesha mteja kujiona akiwa amevaa fremu kupitia kamera ya simu, pasi na kuigusa miwani yenyewe. Haikuwa ya kwanza kubuni kioo cha aina hiyo, ila historia yake inadhihirisha vyema kile ambacho kioo hicho kinaweza kufanya na kile kisichoweza.

Ilizinduliwa mwaka 2010 na wanafunzi wanne wa chuo cha biashara cha Wharton, mjini Philadelphia: Neil Blumenthal, Dave Gilboa, Andrew Hunt na Jeffrey Raider. Gilboa alikuwa amesahau ndegeni miwani iliyomgharimu dola 700, akasoma muhula mzima bila miwani kwa kushindwa kumudu nyingine. Swali walilojiuliza ni jepesi: mbona plastiki kidogo na skrubu chache zigharimu kuliko simu? Sehemu ya jibu ilikuwa Italia. Kampuni ya Luxottica, iliyoanzishwa na Leonardo Del Vecchio mjini Agordo mwaka 1961, ilitengeneza fremu, ikamiliki majina mashuhuri kama Ray-Ban, na juu ya hayo ikamiliki maduka ya rejareja ya LensCrafters. Mwenye kiwanda, mwenye jina na mwenye duka akiwa ni yule yule, mnunuzi hana pa kukimbilia. Wanne hao wakachora fremu zao na kuziuza kwa dola 95, lenzi zikiwemo.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Miwani hukaa usoni mchana kutwa, na ni wachache wanaothubutu kuinunua kabla ya kujitazama. Kampuni ikabuni utaratibu wa kumtumia mteja fremu tano akae nazo nyumbani siku tano bila malipo, kisha azirejeshe. Wapo walioomba kufika ofisini kujionea wenyewe. Ofisi hiyo ilikuwa nyumba ya Blumenthal, na fremu zikapangwa juu ya meza ya kulia chakula.

Mabadiliko yalikuja na simu ya iPhone X mwaka 2017. Kamera yake ya mbele humwaga usoni nukta zaidi ya 30,000 za miale ambayo jicho haliioni, kisha hupima jinsi zinavyoangukia pua, mashavu na paji la uso. Warby Parker kwanza ilitumia vipimo hivyo kumpendekezea mteja fremu zinazomfaa. Mwaka 2019 ikaongeza sura ya fremu yenyewe, ikitulia puani na kugeuka kila kichwa kinapogeuka.

Umuhimu wa nukta hizo si mapambo. Picha ya kawaida haina kipimo: uso mpana ulio mbali na uso mwembamba ulio karibu huweza kulingana kabisa. Ndiyo maana baadhi ya wauzaji wengine humtaka mteja ajipige picha akiwa ameshikilia kadi ya benki karibu na uso. Kadi hizo zina upana wa milimita 85.6 kote duniani, kwa hiyo programu hulinganisha uso na kadi na kukokotoa vipimo vilivyosalia.

Kipimo kinachotafutwa zaidi ni umbali baina ya mboni mbili, ambao kwa watu wazima wengi huwa kati ya milimita 54 na 74. Kila lenzi ina kitovu chake. Kisipokaa mbele ya mboni, macho hulazimika kujikaza, na mvaaji huishia kulalamikia maumivu ya kichwa bila kujua chanzo. Kadiri lenzi inavyokuwa na nguvu, ndivyo kosa la milimita chache linavyoumiza. Vyeti vingi vya vipimo vya macho havina tarakimu hii, kwa hivyo anayekusudia kuagiza miwani mtandaoni amwombe mpimaji aiandike.

Kioo cha simu kina faida moja ambayo wenye macho mazima huenda wasiifikirie. Fremu za dukani huwa na vioo vitupu visivyo na nguvu; asiyeona mbali akizivaa, hata uso wake kwenye kioo hauoni sawasawa! Picha ya simu aweza kuihifadhi, akavaa miwani yake ya zamani na kuitazama kwa utulivu.

Uzito wa fremu, hata hivyo, hauonekani pichani, wala namna inavyobana nyuma ya masikio. Fremu nyingi zimechorwa kwa pua iliyoinuka juu, na Waafrika na Waasia wengi huziona zikiteleza hadi mashavuni. Warby Parker huuza aina maalumu kwa pua za namna hiyo. Zaidi ya yote, kioo hiki hakipimi macho. Glakoma huiba uwezo wa kuona kimyakimya, na anayebadilisha fremu kila mwaka bila kumwona mtaalamu anaweza kupofuka akiwa amependeza.

Kuna pia suala la nani anabaki na ramani ya uso. Katika jimbo la Illinois, sheria ya mwaka 2008 huzuia kampuni kuchukua vipimo vya uso bila idhini ya maandishi, na fidia ni dola 1,000 kwa uzembe au 5,000 kwa kukusudia. Baadhi ya kesi dhidi ya wauza miwani zilitupwa kwa hoja kwamba anayejaribu miwani huhesabiwa kama mgonjwa anayehudumiwa, hoja ambayo wengi wataiona ya ajabu. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huorodhesha vipimo vya mwili miongoni mwa habari nyeti.

Kampuni iliyoanza kwa kukwepa maduka ilifungua la kwanza la kudumu New York mwaka 2013, na ikaingia kwenye soko la hisa la jiji hilo Septemba 2021. Kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa na maduka zaidi ya 270, ambako sehemu kubwa ya mauzo yake hufanyika. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba ingekomesha utaratibu wa kutuma fremu tano majumbani.