Mchezaji Huru

Neno "huru" lilitoka Uarabuni, na zamani pwani lilimtaja mtu asiye mtumwa. Leo kurasa za michezo humwita "mchezaji huru" yule aliyemaliza mkataba. Katika mpira wa kikapu wa Marekani, timu yake ya zamani bado ina faida kuliko nyingine: kanuni yenye jina la mchezaji wa zamani Larry Bird huiruhusu kuvuka kikomo cha mishahara ili imbakize. Mwaka 2025 timu ya Timberwolves ya Minneapolis ilimpoteza Nickeil Alexander-Walker, mlinzi hodari, aliyekwenda Atlanta. Mwenzake Naz Reid akabaki kwa mkataba wa miaka 5 na dola milioni 125. Kwake neno "kubakizwa" linafaa kuliko "kuzuiwa", kwani Reid mwenyewe aliukataa mwaka wa mwisho wa mkataba wake, akawa huru, kisha akatia saini upya.