Aliyeketi na Aliyesimama

Nyumbani kwetu Koboko ipo picha ya wanaume wawili, babu yangu na ndugu yake. Babu ameketi kitini, amevaa sare ya Keya, kifimbo mapajani. Ndugu yake amesimama nyuma, ana kanzu, hana viatu. Nilipokuwa darasa la saba ukoo ulikutana kugawa shamba, na baba zangu wadogo wakaitoa picha hiyo iwe ushahidi. Kwetu mdogo haketi huku mkubwa amesimama; basi babu ndiye mkubwa, na wanawe watangulie kuchagua.

Je, picha ya zamani yaweza kutuambia umri wa mtu?

Nianze mbali kidogo. Kati ya 1877 na 1880 Richard Buchta, Mwaustria, alipiga picha katika jimbo la Ikweta, pande za Nile ya juu. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1881. Humo wamo Wabari, ambao lugha yao na Kikakwa chetu ni ndugu. Chini ya picha nyingi limeandikwa kabila tu. Jina la mtu halipo, wala miaka yake. Anayetazama hubaki kuchunguza shanga, vikuku na mikuki. Vitu hivyo hudokeza cheo na rika, lakini havitaji mwaka wa kuzaliwa. Tena mara nyingi mwenye kamera ndiye aliyewapanga watu.

Babu na nduguye walikwenda wenyewe kwa mpiga picha. Hata hivyo studio nayo ina adabu yake: kiti hupewa anayeheshimiwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, sajini mwenye mshahara aliheshimiwa kuliko mkulima. (Hata Kiswahili ninachoandika hapa kililetwa nyumbani kwetu na jeshi hilo.)

Aliyekata shauri ni bibi, mke wa huyo sajini. Alisema shemeji yake alizaliwa kabla Waingereza hawajafungua boma la Arua, yaani kabla ya 1914. Babu alizaliwa boma likiwa limekwisha jengwa. Kwa maneno hayo aliwanyima wanawe mwenyewe upande wa shamba ulio karibu na maji. Baba mdogo mmoja hakusema naye hadi mavuno.

Baadaye nilimwuliza kwa nini basi mkubwa alikubali kusimama. Akajibu kwamba babu ndiye aliyelipia picha.