Mwami na Wateule wa Kura katika Burundi, 1961–1966

Neno mwami lilitumika pande zote mbili za mpaka. Mrundi alimwita mfalme wake umwami, na Muha wa Kasulu au Kibondo alimwita mtawala wake kwa jina lilo hilo. Lakini jina moja halikuwa na uzito mmoja. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilipoondoa mamlaka ya machifu, nasaba za Buha, ambamo alitoka Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyekalia kiti cha baba zake, ziliacha utawala pasipo damu kumwagika. Ng'ambo ya mpaka, mwaka huo huo, hapakuwa na waziri aliyeweza kutawala bila kujikinga katika kivuli cha Mwami Mwambutsa IV. Yafaa kuuliza sababu.

Sehemu ya jibu yapatikana Ujiji. Katika karne ya kumi na tisa mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alieneza nguvu zake kutoka mji huo hata kaskazini ya ziwa, akajaribu kuingia Burundi. Mwami Mwezi Gisabo alimzuia. Wadachi ndio waliomlazimisha Mwezi kukubali utawala wa kigeni, mwaka 1903, naye akabaki na kiti chake. Hivyo kumbukumbu ya mwami ikawa kumbukumbu ya nchi isiyotekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Kila mwaka, kabla ya Wabelgiji kuidhoofisha mila hiyo, ngoma takatifu Karyenda ilitolewa katika sherehe ya umuganuro, na mwami ndiye aliyeruhusu mtama kupandwa.

Msomaji asidhani kwamba imani hiyo ilitokana na wema wa mtu. Mwambutsa alitawazwa mwaka 1915 angali mtoto mdogo, na alipokuwa mtu mzima alipenda mno kukaa Ulaya. Sababu imo katika muundo wa utawala wenyewe. Mikoa ilishikwa na baganwa, watu wa damu ya kifalme, walioshindana hasa katika matawi mawili, Bezi na Batare. Muganwa ndiye aliyetoza kodi, na ndiye aliyetoa ardhi na kuinyang'anya. Kwa hiyo chuki ya mkulima ilimwangukia yeye, na mwami aliye mbali akawa wa kukimbiliwa. Wabelgiji waliyazidisha hayo bila kukusudia, kwa kuwa amri zao za kodi na za kilimo cha lazima zilipitia kwa machifu. Katika Buha mambo yalikuwa kinyume: mwami alikuwa jirani, alilipwa mshahara na Waingereza, na karani wake ndiye aliyepiga hodi kudai kodi. Kwa maoni yangu tofauti hiyo yaeleza mengi kuliko tofauti yoyote ya mila.

Mwana wa mfalme, Louis Rwagasore wa tawi la Bezi, aliifahamu hazina hiyo, akaitumia katika chama cha Uprona. Wabelgiji walijaribu kumzuia: mwaka 1960 walipiga marufuku jamaa wa karibu wa mwami kujiingiza katika siasa, wakamweka kizuizini nyumbani. Walichelewa. Katika mtaa wa Buyenzi, Usumbura, waliokaa Waislamu wengi wenye asili ya Ujiji na ya Manyema, habari za TANU zilisikika kwa Kiswahili, nao walikuwa miongoni mwa wafuasi wake wa kwanza. (Mrundi humwita mtu wa namna hiyo Mswahili, na neno hilo kwake halina sifa njema daima.) Tarehe 18 Septemba 1961 Uprona ilipata viti 58 kati ya 64. Je, raia walikipigia kura chama, au walimpigia mwami kwa mkono wa mwanawe? Hesabu ya kura haitenganishi mambo hayo mawili. Tarehe 13 Oktoba Rwagasore alipigwa risasi hotelini, ufukoni mwa ziwa, kwa njama ya viongozi wa chama kilichoshindwa, wana wa chifu Baranyanka wa tawi la Batare.

Tangu hapo hata mwisho wa 1965 watu sita walikuwa Waziri Mkuu, mmoja wao mara mbili; huyo, Pierre Ngendandumwe, aliuawa tarehe 15 Januari 1965, siku nane baada ya kuteuliwa upya. Kila baraza lilipoanguka macho yalimgeukia mwami, naye kila mara akajitwalia madaraka zaidi. Katika uchaguzi wa Mei 1965 Wahutu walipata viti 23 kati ya 33, wakamtaka Gervais Nyangoma aongoze serikali. Mwambutsa alimteua Léopold Biha, muganwa na katibu wake mwenyewe. Hapa, nadhani, ndipo alipoitumia akiba yote. Aliyeaminiwa kwa sababu hakuwa wa upande wowote alikuwa amechagua upande, tena dhidi ya sanduku la kura. Mwezi Oktoba askari waliasi, Biha akajeruhiwa vibaya, viongozi wengi wa Kihutu wakauawa, Nyangoma akiwamo, na mwami akakimbia.

Mwanawe Charles alimwondoa Julai 1966, akatawazwa kwa jina la Ntare V, kisha Michel Micombero akatangaza jamhuri tarehe 28 Novemba. Ngoma Karyenda ikaondolewa katika bendera. Ntare aliuawa Gitega Aprili 1972, katika siku zile zile ambapo maasi yalianza Rumonge na Nyanza-Lac, na kisasi cha jeshi kikawamwaga Wahutu wengi mno mkoani Kigoma, kwa miguu na kwa mitumbwi. Wengi walihamishiwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Mwaka 1993 Warundi walipomchagua rais kwa kura huru, mgombea aliyetetea ufalme hakupata hata kura 2 katika kila 100. Melchior Ndadaye aliyeshinda aliuawa Oktoba mwaka huo huo, na mpaka wa Kigoma ukajaa tena. Mwambutsa alikuwa amekwisha kufa Uswisi, mwaka 1977, akiacha wosia kwamba asirudishwe Burundi. Mwaka 2012 mabaki yake yalifukuliwa, serikali ya jamhuri ikitaka kumzika kwa heshima nyumbani. Ndugu zake walishindana mahakamani, na mwaka 2016 akazikwa tena karibu na Geneva.